Ua Lililokataa Udongo wa Kununua

Mama mkwe wangu aliposhuka kwenye lori la viazi, nilihesabu mizigo yake kabla ya kumsalimia. Haukuwa ubaya. Mtu aliyeuza sufuria katika soko la Birere miaka yote hii huhesabu kila kitu mara mbili, kwanza kwa macho, kisha kwa kidole. Kwa macho niliona furushi la nguo, mkeka, na debe dogo la mafuta ya ng'ombe. Kwa kidole nikapata kitu cha nne: kipande cha gome kimefungwa ndani ya jani la mgomba, amekibana kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa jana.

"Na hii ni nini, mama?"

"Hii ndiyo itasema kama nabaki."

Mume wangu alinieleza njiani, kwa sauti ya chini, maana mama yake alikuwa mbele yetu na masikio yake hayajazeeka. Katika ukoo wao, mtu akihama hubeba mmea mmoja kutoka nyumbani. Wengine hubeba chipukizi la mgomba, wengine shina la muhogo. Mmea ukishika, anakaa. Ukifa, mahali pale pamemkataa, na anarudi alikotoka bila kusukumwa na mtu.

Tatizo lilikuwa huko alikotoka. Kilima chao, juu kule Masisi, majirani walikuwa wamekwisha kushuka wote wakikimbia vita. Mabati ya nyumba yake yalikuwa juu ya nyumba ya mtu mwingine. Na barabara yenyewe, hata madereva wa viazi walikuwa hawaikanyagi kabla ya kuuliza waliotangulia. Mume wangu alimwambia, "Mama, huku ndiyo kwako sasa." Akajibu, "Tutaona. Si mimi nasema." Akaonyesha lile jani la mgomba kwa kidevu.

Nilitaka abaki, na nilikuwa na sababu zangu. Ya kwanza: hapa Katoyi, mtaa wetu wa Goma, mkamwana ambaye mama mkwe wake amerudi kijijini hupewa jina, na jina hilo linakufuata hata ukihamia mtaa wa Mapendo. Tena mimi ni mtu wa upande wa Bukavu, mkatoliki, na yeye ni wa milimani, wa kanisa linaloimba bila kuangalia saa. Watu walikuwa wakitungojea tukosane kama wanavyongojea mechi. Ya pili: angerudi, mume wangu angemfuata kila mwezi kwenye barabara ile, na mimi ningebaki nikihesabu magari yanayorudi. Upendo nao ulikuwepo. Ulikuwa wa tatu kwenye foleni, na foleni ilikuwa haisongi.

Nyumbani akafungua jani la mgomba. Ndani kulikuwa na majani sita magumu, ya kijani kizito, na mizizi minene ya rangi ya majivu iliyokumbatia gome. Mume wangu ni karani na hawezi kuona kitu bila kukipa jina la Kifaransa.

"Ni orkide," akasema.

"Kwetu haina jina," mama yake akasema. "Iko juu ya muti, karibu na zizi. Ikitoa maua, jioni inanukia mpaka ng'ombe zinasimama."

Sijawahi kuona ng'ombe akisimama kwa ajili ya harufu, lakini sikubishana. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupiga hesabu ya udongo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu aliyezaliwa penye ardhi laini hataliamini. Goma haina udongo. Chini ya kila mguu kuna makoro, yale mawe meusi ambayo mlima uliyamwaga yakiwa moto na hakuna aliyeyarudisha. Ukitaka kupanda hata kitunguu, unanunua udongo kwanza. Unakuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ndani ya mifuko, kutoka upande wa milima, na unauzwa kama unga. Na kama unga, una wajanja wake. Kwa hiyo mtu wa Goma akiona kitu cha kijani haulizi kinaitwaje wala kinapenda nini. Anauliza: udongo wake uko wapi?

Nikaita watu wavunje makoro kwenye kona ya kiwanja na kuyatoa nje ya ua. Kisha nikamsubiri mwenye chukudu. Nilizamisha mkono mpaka kwapa ndani ya kila mfuko, maana wana tabia ya kuweka mweusi juu na mchanga chini. Mfuko wa kwanza nikaukataa, wa pili nikaukataa, wa tatu ukatoka mweusi hadi kitako. Tulipigana bei mpaka yeye akakaa chini na mimi nikakaa chini. Mwishowe alisema, "Mama, wewe ungezaliwa mwanaume, ungekuwa askari wa forodha," nami nikalichukua kama punguzo la pili.

Jumapili, mama mkwe akiwa kanisani kwake, nilifanya kazi yangu. Nilikitupa kile kigome, kilikuwa kikavu na kibaya. Nikazika mizizi yote mpaka shingoni, nikakandamiza kwa kiganja, nikaongeza majivu kidogo, na mavi ya kuku kwa ajili ya upendo. Maji asubuhi, maji jioni. Aliporudi nilimpeleka kwenye kona kama mtu anayeonyesha mtoto aliyefaulu mtihani.

Aliinama, akaugusa udongo kwa kidole.

"Mujini munafanya hivi?"

"Ndiyo, mama. Na udongo ni wa kwenu kabisa, wa Masisi."

Akatikisa kichwa polepole. Yeye mwenyewe hakujua unapandwaje. Kwao hakuna mtu aliyewahi kuupanda. Ni kama kuuliza nani alipanda ukungu. Aliona tu kwamba mkamwana wake anajiamini, na mimi nikijiamini hata mtu aliyekuja kununua kifuniko huondoka na sufuria.

Jani la kwanza lilianguka bila kukauka. Lilikuwa laini kama ulimi. Nikahesabu yaliyobaki: matano. Nikahesabu kwa kidole, na lile nililoligusa likabaki mkononi mwangu. Manne. Udongo ukaanza kutoa harufu ya maji ya maharage yaliyosahauliwa.

Jirani yetu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye hutoa ushauri hata kwa watu waliolala, aliinama juu ya uzio.

"Hii iko na njaa. Uipatie maji ya samaki."

Niliupa maji ya samaki. Kesho yake paka wa avenyu nzima walikuwa kwenye kona yangu, wamekaa duara kama kamati. Jani la tatu likaanguka.

Mama mkwe akachukua sabuni. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alianza kufua nguo zake zote, hata zile safi, akizikunja na kuzirudisha ndani ya furushi. Ulikuwa wakati wa kiangazi, vumbi limelala juu ya kila kitu.

"Mvua zikianza na ikiwa namna hii," akamwambia mwanawe mbele yangu, "mutanitafutia lori."

"Mama, ni majani tu," mume wangu akasema.

"Hata wewe ulikuwa nyama tu. Nikakungojea."

Siku moja nilikuwa napita mahali wanawake wanaposhusha kuni kutoka milimani, nikaona gogo lenye majani yaleyale, magumu, ya kijani kizito. Moyo wangu ukapiga, uso wangu ukabaki ule wa dukani. Mtu akijua unataka kitu, kitu hicho kinaota miguu.

"Mama, hii kuni ni bei gani?"

Muuza kuni, mwanamke mwenye kitambaa cha njano na meno yote, alitaja bei ya kuni pamoja na ya ukoo wake.

"Hii?" nikasema. "Hii imeoza. Angalia, imeota majani. Kuni inaota majani, itawaka namna gani? Itanililia tu chini ya sufuria."

"Ni kweli, mama," akasema. "Haki yako."

"Sasa punguza."

"Napunguza. Lakini acha nitoe hayo majani kwanza." Akashika panga.

"Acha."

"Niache nini?"

"Acha tu. Nitatoa mwenyewe nyumbani."

"Hapana, mama. Mimi ni mutu ya kanisa, siuzishe kitu kibaya." Panga likapanda.

"Nimesema acha majani."

Panga likashuka taratibu, likakaa chini. Akaniangalia, akaangalia gogo, akaniangalia tena. Nimetazama wateja namna hiyo maisha yangu yote. Sikujua kwamba kutoka upande ule mwingine kunachoma hivi.

"Kumbe," akasema. "Basi kuni ni bei ile ya kwanza. Majani, hayo tutaongea." Akageukia wenzake. "Mukuje muone, mama wa mujini ananunua majani ya kuni."

Niliongea naye kuhusu majani. Sitasema yaliishia wapi. Lakini nilipokuwa nabeba lile gogo begani, huku wakinicheka mpaka kwenye kona, niliona nilichokuwa nimelipia. Lile gogo lilikuwa limelala juani, halina udongo hata wa kujaza ukucha, mizizi ya mmea iko nje hewani kama vidole vya mtu anayeota moto, na majani yake yanang'aa. Wangu, uliolala ndani ya udongo wa kuchagua, uliokunywa maji ya samaki, ulikuwa unakufa kwa kushiba.

Nikaufukua siku hiyohiyo. Nikaosha mizizi. Mingi ilichunika ngozi ikabaki uzi. Mizima nilihesabu mitatu, nikarudia, nikapata miwili. Mpango wangu ulikuwa kuufunga kwenye gogo karibu na mwenzake mzima, ukae kama kwao. Nikaegemeza gogo kwenye ukuta wa jiko, nikaenda kwa fundi cherehani kuomba vipande vya kitenge vya kufungia.

Niliporudi, harufu ya maharage ilinipokea barabarani. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono ya shati imekunjwa, jasho usoni, na furaha ambayo sijaiona hata siku ya harusi.

"Leo nimekusaidia," akasema. "Makala ya jiko ilikwisha. Nikapasua ile kuni."

Mume wangu ni karani. Tangu nimjue hakuwahi kupasua kitu kigumu kuliko bahasha.

"Ilikuwa na majani," nikasema.

"Nilitoa kwanza. Yalisaidia kuwasha."

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, sahani magotini, anatafuna kwa utulivu.

"Kwetu hakupasua kuni hata siku moja," akasema. "Goma imemufundisha."

Nilichukua sahani yangu nikala. Yalikuwa maharage mazuri, tena ya bei kubwa kuliko yote katika Kivu ya Kaskazini.

Kununua gogo jingine na kuliweka katika nyumba inayopika kwa moto ni kumpangishia mbuzi chumba kwa mchinjaji. Nilikaa kwenye kona yangu, mmea mgonjwa mikononi, nikijiuliza ni kitu gani katika mji huu hakiwezi kuishia jikoni. Jibu lilikuwa chini ya miguu yangu. Makoro. Hayo yalikwisha kuungua; hayaungui mara ya pili. Na yamejaa matundu kama mkate, maji yanapita, hewa inapita, mzizi unapata pa kuweka kidole.

Mimi nilikuwa nimelipa watu wayatoe.

Nikatoka nje ya ua. Lundo langu lilikuwa limepungua. Muuza sambaza alikuwa anajenga msingi wa ukuta.

"Mama, lile jiwe kubwa ni langu," nikamwambia.

"Ulilitupa."

"Nililiweka."

"Ulitunza jiwe barabarani?" Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Haya. Lakini nimelibeba kwa mgongo wangu mpaka hapa. Mgongo haulipwi?"

Nilinunua jiwe langu kwa sufuria ya wastani pamoja na kifuniko chake. Kifuniko niliomba kibaki. Alikataa.

Tulilisukuma, mume wangu na mimi, mpaka kwenye kona nyuma ya bafu la nje, chini ya ukingo wa bati, ambapo jua hufika asubuhi tu na unyevu haukauki. Niliufunga mmea juu ya jiwe kwa vipande vya kitenge, mizizi nje, bila udongo, bila majivu, bila samaki. Majani matatu. Mama mkwe alikuja akasimama nyuma yangu.

"Sasa ni kwenye jiwe."

"Kwenye jiwe, mama."

"Na ule udongo wa kwetu?"

"Mmea umeukataa."

Akasema "Mm," akarudi kukunja nguo.

Maji hayakutakiwa kuwa mengi tena, hilo nilikuwa nimejifunza kwa hasara. Kila asubuhi nilijaza kinywa maji nikaupulizia, kama fundi wa pasi anavyolowesha shati. Vumbi lilikuwa kali, mvua ilikuwa mbali, na sikuwa na njia nyingine. Lakini kutoka upande wa pili wa ua, mtu haoni maji, anaona mdomo. Haikupita wiki kabla ya habari kunirudia sokoni, kwa mteja aliyekuwa akigonga sufuria yangu kuona kama imepasuka: kuna mkamwana kule Katoyi ambaye kila alfajiri anatemea mate mmea wa mama mkwe wake, ili ufe, bibi aende.

Nililokuwa nalikimbia lilikuwa limenitangulia mpaka kwenye kibanda changu. Nilimuuzia yule mteja sufuria bila kumpunguzia, nikarudi nyumbani, na kesho yake nikapuliza tena. Jina lilikuwa limekwisha kuharibika. Sababu ya kwanza ilitoka kwenye foleni. Barabara ilibaki. Na ile ya tatu ikasogea hatua moja bila kuniomba ruhusa, kwa sababu jioni moja nilimkuta bibi yule amepanga mkeka wake na furushi kando ya mlango, akiangalia mawingu na kuyaomba kwa sauti ya chini yapite bila mvua. Hakutaka kwenda. Alikuwa anaogopa barabara ile kama sisi wote. Ila alikuwa amekubaliana na mmea, na yeye si mtu wa kuvunja makubaliano kwa sababu ya woga.

Mvua ya kwanza ilipiga mabati mchana mzima. Asubuhi yake alikwenda kwenye kona, furushi mkononi. Nilimfuata. Mume wangu alibaki mlangoni na mswaki kinywani.

Alifungua vipande vya kitenge kimoja baada ya kingine, akavitundika begani. Kisha akashika mmea kwa vidole viwili, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena, kwa nguvu kidogo. Na hapo nikaona mzizi mpya, mnene, ncha yake ya kijani kama sindano ya jani, umeingia kwenye tundu la jiwe na haukuwa na mpango wa kurudi.

"Imeshika," akasema.

Akarudisha furushi ndani. Mume wangu alimeza dawa ya meno.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Mvua zilikwenda, zikarudi tena, majani yakawa matano, kisha kukatoka kijiti chembamba chenye vifundo. Siku ua la kwanza lilipofunguka, asubuhi, lilikuwa jeupe kabisa, umbo la nyota, na nyuma yake mkia mrefu mwembamba unaoning'inia. Nilimwita muuza sambaza aje anuse, ili akatangaze na hili. Akaweka pua, akavuta, akavuta tena.

"Haina kitu," akasema. "Ni kama ya plastiki."

Nikanusa mwenyewe. Hakuna kitu. Mama mkwe akanusa, akainua mabega. Siku nzima nilikuwa kibandani nikifikiria kwamba nimemweka mtu katika nyumba yangu kwa ua la plastiki.

Jua lilipozama nilikuwa nafunga mlango wa ua. Harufu ilinipata mgongoni. Sijui niifananishe na nini. Kitu kama maua ya mlimau na maziwa yaliyochemka, lakini baridi. Ilipita katikati ya moshi wa makaa wa majirani wote kama mtu mwenye haki ya njia. Muuza sambaza alitoa kichwa juu ya uzio, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ushauri. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya kiwanja, hatembei. Nikakumbuka ng'ombe, nikamaliza kufunga mlango taratibu.

Kesho yake, mwanawe alipokwisha kwenda kazini, nilimkuta ameketi juu ya furushi mlangoni mwa ua.

"Mama, nini tena?"

"Imeninukia kwetu. Nilikuwa nimeanza kusahau."

Yaani nililisha, nililipa, nilipuliza, nilitukanwa, ili kitu kile kitoe maua na kumwita arudi.

"Ulisema ikishika unabaki," nikasema.

"Nilisema."

"Na imeshika."

"Imeshika."

"Sasa?"

"Sasa nitabaki. Sikusema nitafurahi."

Hakukuwa na kigoda. Nilikaa naye juu ya furushi. Lilikuwa dogo, tulibanana.

"Mama, kwenu, ile saa inanukia, ulikuwa unafanya nini?"

Alifikiri. "Nilikuwa napika. Nani angepika? Ng'ombe?" Akanyoosha miguu. "Huku nakaa kama mugeni wa harusi. Naletewa sahani. Nalamba, narudisha."

Nilijua bei inakokwenda. Jiko langu ni dogo, lakini kila sufuria ndani yake nimeichagua mwenyewe, na najua kila moja inakaa wapi hata nikifumba macho.

"Jumapili," nikasema.

Aliangalia barabara.

"Jumapili na Jumatano."

"Jioni," akasema.

"Jioni zote?"

"Inanukia jioni zote."

Lori lilipita, tukalitazama wote wawili mpaka vumbi likatulia.

"Asubuhi ni yangu," nikasema.

"Asubuhi ni yako."

Akainuka, nikabeba furushi. Jioni hiyo nilisikia vyombo vyangu vikihamishwa kutoka mahali pake, kimoja kimoja, na sikuingia. Nilikalishwa kwenye kigoda nyuma ya bafu, karibu na jiwe, na ua lilikuwa limeanza kunukia. Akaja na sahani, akanipa kwa mikono miwili, akabaki amesimama akingoja nionje.

"Chumvi?"

Ilikuwa nyingi mno.

"Iko sawa, mama," nikasema, nikala mpaka ikaisha.